Hofu Isiyo na Sauti: Filamu za Kale za Kutisha na Imani Yetu

Katika Danieli sura ya 5, mfalme Belshaza anafanya karamu kubwa. Divai inamiminwa katika vyombo vilivyoporwa hekaluni Yerusalemu, na wakuu wake 1,000 wanakunywa pamoja naye. Ghafla mkono unatokea, mkono mtupu usio na mwili, nao unaandika ukutani penye mwanga wa taa. Hakuna radi wala sauti ya malaika. Ni maandishi tu. Mfalme anabadilika rangi na magoti yake yanagongana kwa hofu. Habari hii tumefundishwa tangu Shule ya Jumapili, na hatujapata kumsikia mwalimu akisema isisomwe kwa watoto kwa sababu inatisha.

Tumeanza na karamu ya Belshaza kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu makanisani hulipita kando, yaani filamu za kutisha. Nyingi za siku hizi hatuna haja ya kuzitetea. Lakini zipo za zamani, zilizotengenezwa yapata miaka 100 iliyopita kabla sinema haijapata sauti, ambazo zina neno kwa Mkristo. Kikundi chetu cha usharika kilizifikia kikitafuta kitu cha kutazama pamoja na vijana kabla ya ibada ya mkesha wa mwaka mpya. Tulikutana na filamu ya Sweden ambayo kisa chake kinatokea usiku huohuo wa mkesha, na kutoka hiyo tukaendelea na nyingine. Tulichojifunza ndicho tunachokiandika hapa. Filamu hizi zinaonyesha hofu inavyofanya kazi ndani ya mtu mmoja, ndani ya mji, na hata ndani ya kanisa.

Sinema kabla ya sauti

Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao hadharani kwa kiingilio mjini Paris mnamo Desemba 1895. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo watazamaji hawakuwasikia waigizaji wakisema. Mwaka 1927 ilipotoka The Jazz Singer huko Marekani, sinema ya sauti ilianza kushika kasi, na baada ya miaka michache filamu bubu zikawa zimeachwa.

Kuziita bubu si kusema kwamba ukumbi ulikuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, au kinanda kikubwa, au bendi nzima katika kumbi za mijini. Japani kulikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia na kueleza kisa, wakiigiza sauti za wahusika wote. Sisi tuliokulia karibu na vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda, ambako msimulizi huitafsiri filamu ya kigeni na kuitia utani wake, hatuoni ajabu katika jambo hilo. Maneno ya lazima yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha na picha. Yaliyobaki yote yalibebwa na uso, mkono, mwanga na kivuli.

Hofu ilifaa sana kuonyeshwa kwa njia hiyo. Mtu aliyeshikwa na hofu kwanza hukodoa macho, hurudi nyuma, hufunika mdomo, na maneno huja baadaye. Tena watu wa Ulaya wa miaka hiyo walikuwa na sababu ya kuijua hofu. Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa toka 1914 hadi 1918, iliua askari mamilioni. Kabla majeraha hayajapona ikaja homa kali ya mafua ya 1918 na 1919, ambayo iliua watu makumi ya mamilioni duniani. Vita hiyo na homa hiyo zilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam, na Kariokor la Nairobi, ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi, babu zetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi, na wengi wao hawakurudi makwao. Kwa hiyo tunapotazama filamu za Wajerumani na Waskandinavia wa miaka ya 1920, tunawatazama watu waliozika wafu wao katika miaka ileile ambayo wazee wetu walizika wa kwao.

Gari la mauti

Filamu ya kwanza tuliyoitazama inaitwa Körkarlen, yaani mwendesha gari. Ilianza kuonyeshwa nchini Sweden tarehe 1 Januari 1921. Aliyeiongoza ni Victor Sjöström, na ndiye pia aliyeigiza kama mhusika mkuu. Kisa chake kimetoka katika riwaya ya 1912 ya Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, aliyoipata mwaka 1909.

David Holm ni mlevi. Amekaa makaburini na walevi wenzake wawili usiku wa mkesha, akiwasimulia aliyoambiwa na rafiki yake wa zamani: kwamba mtu wa mwisho kufa kabla ya saa sita ya usiku huo hulazimika kuliendesha gari la mauti mwaka mzima unaofuata, akikusanya roho za wafu. Ugomvi unazuka, David anapigwa, anaanguka. Saa inagonga. Kisha gari linakuja, likikokotwa na farasi aliyekonda, na anayeliendesha ni yule rafiki aliyemsimulia habari hiyo, kwa maana yeye alikufa mkesha wa mwaka uliopita.

Gari hilo linaonekana kama moshi. Unaona mawe ya kaburi kupitia magurudumu yake, na mwendeshaji anapita ukutani bila kufungua mlango. Mpiga picha Julius Jaenzon alifanya hivyo bila mashine zozote za leo. Alipiga picha ya makaburi, akaurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, kisha akapiga picha ya mwendeshaji juu ya ileile ya kwanza. Kamera zilizungushwa kwa mkono, hivyo ilimpasa kuzungusha kwa mwendo uleule kila mara, la sivyo mzuka na ardhi anayoikanyaga visingelingana. Kazi ya uvumilivu wa namna hiyo inaheshimika hata kwa mtu asiyependa kisa chenyewe.

Lakini kinachotisha zaidi katika filamu hii si gari. Ni maisha ya David yanapofunuliwa mbele yake. Dada Edit, mtumishi kijana wa Jeshi la Wokovu, alimpokea mwaka mmoja uliopita katika nyumba ya kulala maskini, akakaa usiku kulishona koti lake lililochanika. Asubuhi David akavirarua viraka vyote mbele ya macho yake, huku akicheka. Koti hilo lilikuwa na vijidudu vya kifua kikuu, na sasa Edit yuko kitandani anakufa kwa ugonjwa huo, naye anaomba aletewe David, maana hajaacha kumwombea. Nyumbani mke wake, akiogopa watoto wasiambukizwe, anamfungia jikoni, naye anauvunja mlango kwa shoka. Mwisho, akiwa roho isiyoweza kumgusa mtu, David analazimika kusimama na kumtazama mke wake akiandaa sumu kwa ajili ya watoto na yeye mwenyewe, kwa sababu amechoka kuishi naye. Anapiga kelele na hakuna anayesikia. Ndipo kwa mara ya kwanza anapiga magoti na kuomba. Anarudishiwa uhai, anakimbia nyumbani, anafika kabla kikombe hakijafika midomoni.

Lagerlöf aliombwa kuandika juu ya vita dhidi ya kifua kikuu, ugonjwa uliowaua wengi katika Ulaya ya siku zake, naye akaandika kitabu juu ya roho ya mtu. Filamu iliyotokana nacho inatutisha kwa jambo ambalo mahubiri mengi hulisema upesi na kuliacha: kwamba hatari ya nyumba ya David Holm ni David Holm. Hakuna jirani aliyemroga. Hakuna pepo aliyetumwa na shangazi. Hofu yote ya filamu inamrudia mwenyewe, na hapo ndipo toba inapoanzia.

Mji uliotafuta wa kumlaumu

Filamu ya pili ni ya Ujerumani, Nosferatu, iliyotolewa mwaka 1922. Mwongozaji wake, F. W. Murnau, alikuwa rubani wakati wa vita. Kampuni iliyoitengeneza, Prana-Film, ilichukua riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, ikabadilisha majina ya watu na ya mahali, wala haikuomba ruhusa. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, akashtaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe. Nakala chache zilisalia, na kwa hizo sisi tunaitazama leo. Haikuwa hivyo kwa filamu nyingi za wakati ule. Mikanda ya siku hizo ilishika moto haraka na kuoza upesi, na uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za bubu zilizotengenezwa Marekani zimepotea kabisa.

Katika Nosferatu, karani kijana aitwaye Hutter anatumwa milimani kumuuzia nyumba bwana mmoja, Orlok. Bwana huyo ni mfu anayekunywa damu. Ana upara, masikio yaliyochongoka, kucha ndefu, na meno mawili ya mbele kama ya panya. Anasafiri kwa jahazi hadi mji wa Hutter, amelala ndani ya jeneza lililojaa udongo, na pamoja naye wanakuja panya. Mabaharia wanakufa mmoja baada ya mwingine, hata nahodha anajifunga kwenye usukani. Jahazi linaingia bandarini bila mtu hai.

Kisha tauni. Mpiga mbiu anapita mitaani na ngoma, anasoma tangazo kwamba watu wabaki majumbani. Mtu anapita akiweka alama ya chaki kwenye milango ya wenye ugonjwa. Majeneza yanapita barabarani kwa mstari. Tuliokuwa hai mwaka 2020, wakati wa korona, hatukuhitaji kibao cha maandishi kutueleza picha hizo.

Sehemu inayofuata watazamaji wengi huisahau, nasi tungependa msomaji aitazame mara mbili. Mji uliojaa hofu unataka mtu wa kumlaumu. Unamchagua Knock, mzee aliyerukwa na akili na kutoroka kifungoni. Kweli Knock si mwema. Alimtumikia Orlok, na alimkaba mlinzi wake ili atoroke. Lakini tauni hakuileta yeye. Umati unamkimbiza, unamtupia mawe akiwa juu ya paa, unamfuata hadi mashambani. Huko unakiona kitu kimesimama chenye umbo la mtu, unakirukia kwa hasira na kukirarua. Kumbe ni sanamu la kutishia ndege. Wakati huo wote Orlok yuko ndani ya nyumba yake mpya, wala hakuna aliyegonga mlango wake.

Wazee wetu wa pwani walijua habari za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu ya wenzao ili kutengeneza dawa. Wakati wa ukoloni uvumi huo uliwaangukia wazimamoto wa miji yetu, kwa sababu walikuwa na sare, magari mekundu na kazi ambayo watu hawakuielewa. Hofu ya watu ilikuwa ya kweli. Ukoloni kweli uliwanyonya. Lakini uso waliouchagua haukuwa uso wa aliyewanyonya, na ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Nosferatu.

Historia iliwafuata pia waigizaji wenyewe. Alexander Granach, aliyeigiza kama Knock anayekimbizwa na umati, alikuwa Myahudi. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933 ilimbidi aikimbie Ujerumani. John Gottowt, aliyeigiza kama profesa katika filamu hiyohiyo, naye Myahudi, aliuawa na Wanazi huko Poland mwaka 1942. Mwaka 1940 serikali ya Wanazi ilitoa filamu ya propaganda iliyowaonyesha Wayahudi sambamba na makundi ya panya. Wakosoaji wengine wa siku hizi wanauliza kama sura ya Orlok mwenyewe, mgeni mwenye pua ndefu anayekuja na panya, haikuwa imekwisha kuwazoesha watu picha hiyo. Swali hilo ni zito na halipaswi kufichwa. Filamu inaweza kuuonya umati, na papo hapo ikaupa umati uso wa kuuchukia.

Anayeuokoa mji ni Ellen, mke wa Hutter. Amesoma kwamba mnyonya damu atashindwa akizuiwa na mwanamke mwenye moyo safi hadi jogoo awike. Anafungua dirisha, anamwita kwake, na anakaa naye mpaka jua linachomoza na kumfuta Orlok kama moshi. Ellen anakufa. Hatusemi kwamba Murnau alitaka kuhubiri. Tunasema tu kwamba katika mji uliojaa watu wanaotafuta wa kufa kwa ajili ya hofu yao, mmoja alijitoa yeye mwenyewe, na Wakristo wanalijua tofauti ya mambo hayo mawili.

Bibi Maria na kanisa

Filamu ya tatu ndiyo iliyotuuma zaidi. Inaitwa Häxan, yaani mchawi mwanamke, nayo pia ilitoka 1922. Mwongozaji wake ni Mdenmark, Benjamin Christensen, na gharama zililipwa na kampuni ya Sweden. Christensen alikuta nakala ya kitabu cha Kilatini, Malleus Maleficarum, katika duka la vitabu mjini Berlin. Kitabu hicho kiliandikwa na mtawa Heinrich Kramer katika miaka ya 1480 ili kuwafundisha mahakimu namna ya kuwatambua wachawi, kuwahoji na kuwahukumu. Christensen alisoma miaka kadhaa, kisha akatengeneza filamu ambayo nusu yake ni somo la historia na nusu ni mchezo. Shetani ameigizwa na yeye mwenyewe.

Katika sehemu yake kubwa, mwenye nyumba mmoja anaugua ghafla. Mtaalamu anaimimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya maji, anatazama umbo lake, anasema mgonjwa amerogwa. Nani amemroga? Wakati huohuo Maria, kikongwe fukara, anaingia jikoni kuomba chakula. Wanampa supu. Anakula kwa pupa, kama mtu mwenye njaa anavyokula. Anna, mke kijana wa mgonjwa, anamtazama, na tayari amekwisha kupata jibu lake. Anakimbia kwa watawa wanaohukumu wachawi.

Maria anakamatwa na kuhojiwa kwa mateso. Anakataa, kisha anakiri kila wanachotaka akiri. Kwa kuwa wanataka na majina, anawataja wanawake wa nyumba ileile. Nao wanakamatwa. Mwisho zamu inamfikia Anna. Wahojaji wanamwahidi atatoka salama pamoja na mtoto wake mchanga iwapo atawaonyesha siri ya kutengeneza radi. Kwa kumpenda mtoto wake anasema wanachotaka kusikia, na kwa maneno hayo anapelekwa motoni. Aliyekimbilia kushtaki ameteketezwa na moto aliouwasha mwenyewe.

Christensen anasimulia pia kwamba mwigizaji wake mmoja aliomba kujaribu chombo cha kubana vidole gumba. Hataki kutuambia yale binti huyo aliyokiri ndani ya dakika moja.

Mtazamaji asiichukue kila takwimu ya filamu hiyo. Christensen aliandika kwamba wanawake, wanaume na watoto zaidi ya milioni 8 walichomwa moto, lakini wanahistoria wa leo wanakadiria waliouawa Ulaya kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Kupungua kwa idadi hakupunguzi dhambi. Wala sisi Waprotestanti hatuwezi kuwaachia watawa wa Kikatoliki peke yao aibu hiyo. Mwaka 1675 huko Torsåker, Sweden, nchi ya Kilutheri, watu 71 waliuawa kwa siku moja kwa kosa la uchawi, 65 kati yao wakiwa wanawake. Mchungaji aliyeongoza uchunguzi aliwasimamisha wavulana mlangoni pa kanisa watu walipokuwa wakiingia ibadani. Kazi yao ilikuwa kunyosha kidole kwa kila mwanamke waliyedai kuona alama ya shetani kwenye kipaji chake.

Kikongwe Maria aliigizwa na bibi mmoja asiye maarufu, Maren Pedersen. Ndani ya filamu Christensen anaeleza kwamba wakati wa mapumziko bibi huyo aliinua uso wake uliochoka akamwambia kuwa shetani yupo kweli, amewahi kumwona akiketi kando ya kitanda chake. Christensen alilichukulia kama ushahidi wa imani za kale. Sisi tulilisikia kwa namna nyingine. Wakristo hatukani kwamba shetani yupo. Tunaomba kila siku tuokolewe na yule mwovu. Lakini mtazame bibi huyu: anaamini shetani yupo, na hamshtaki jirani yeyote. Tofauti iko hapo. Kumwamini shetani hakujapata kumlazimisha mtu kumkabidhi kikongwe kwa umati.

Macho mekundu

Hapa hatuhitaji kusafiri mbali. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi, na moja ya dalili walizohukumiwa nazo ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi. Ni macho ya mama aliyeinama miaka 50 juu ya mafiga, akipikia watoto na wajukuu kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa madai hayohayo, na mara nyingine nyuma ya madai hayo pamekuwa na shamba ambalo vijana walitaka kulirithi upesi. Huko Kinshasa, watoto wamefukuzwa makwao wakiitwa wachawi, na makanisa mengine yamewafungia na kuwanyima chakula kwa jina la kuwaombea.

Ndiyo maana hatuwezi kuitazama Häxan kama habari ya Wazungu wa zamani. Kuna ibada ambazo mgonjwa huambiwa kwamba adui yake ni mtu wa nyumbani, mwanamke, mtu mzima, anayeishi upande fulani. Jina halitajwi. Halina haja ya kutajwa. Mgonjwa anarudi nyumbani akiwa amekwisha kulijaza. Anayesema maneno hayo madhabahuni anafanya kazi ya yule mtaalamu wa risasi iliyoyeyushwa, na usharika unaoitikia amina unasimama mahali pa wale wavulana wa Torsåker. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikubali mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, nayo inaamuru kwamba shahidi wa uongo apewe adhabu aliyotaka mwenzake aipate. Ndoto, uvumi na macho mekundu havijawahi kuwa mashahidi wawili.

Namna ya kuzitazama

Kwa wasomaji watakaopenda kuzitazama, tuna ushauri mdogo. Zote tatu zinapatikana bila malipo kwenye intaneti, maana ni za zamani sana. Häxan ina picha za mateso na za utupu, haifai kwa watoto, na hata kwa watu wazima ni vizuri itazamwe pamoja na kujadiliwa. Körkarlen ndiyo ya kuanzia. Ina muda usiozidi saa mbili, na vijana wetu waliokuwa wakicheka dakika za kwanza walinyamaza kabla ya katikati. Zimeni simu. Msiharakishe. Mwendo wake ni wa polepole, na mtu aliyezoea picha zinazobadilika kila sekunde huhitaji muda ili macho yake yatulie. Muziki unaowekwa leo juu ya filamu hizi umechaguliwa na watu wa baadaye, hivyo kuna nakala zenye muziki mzuri na zenye muziki wa ovyo. Sisi sehemu nyingine tuliuzima kabisa, tukatazama kimya.

Katika kimya hicho tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Maria anapohojiwa, mdomo wake unafunguka. Tunaona kwamba analia, anaapa, anasihi. Hatusikii neno. Kibao cha maandishi kinatuonyesha tu yale ambayo mtengenezaji wa filamu ameona vema tuyasome, mengine yote yanapotea. Ndivyo inavyokuwa kwa kila anayeshtakiwa na umati. Anasema, na hakuna anayesikia. Nabii Isaya, katika sura ya 53, alimwona Mtumishi wa Bwana akipelekwa kuchinjwa bila kufungua kinywa chake, na Injili zinatuambia kwamba Yesu alinyamaza mbele ya walioleta mashtaka ya uongo juu yake, hata Pilato akastaajabu. Kanisa linalomwabudu aliyeshtakiwa kwa uongo halina haki ya kuwa la kwanza kuokota jiwe.

Basi tukubaliane kwa mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Anapougua mtu katika jumuiya zetu, tumpeleke hospitali na tumwombee, na sala zetu zisimtafute mwenye hatia. Wazee wa kanisa wawatembelee vikongwe wanaoishi peke yao, hasa msiba unapotokea jirani nao, maana siku hizo ndizo za hatari. Akisimama mhubiri na kuanza kueleza umbo la adui, awepo mmoja wetu wa kusimama na kuuliza ushahidi uko wapi. Na bibi mwenye macho mekundu akija mlangoni kuomba chakula, apewe supu, na mtu akae naye mpaka amalize kula.